Muziki na Ukarabati kama Uhariri: Filamu Bubu Zinapotazamwa Nyumbani

1. Utangulizi

Jina «filamu bubu» lina upotofu ndani yake. Kilichokuwa bubu ni ukanda, wala si onyesho. Tangu ndugu Lumière walipowaonyesha watu wa Paris picha zao mwezi Desemba 1895 hadi filamu za sauti zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1920, picha zilizoea kusindikizwa na mpiga kinanda, na kikundi kidogo cha wanamuziki, au na okestra kamili, kadiri ya uwezo wa mwenye jumba la sinema. Muziki huo ulikaa nje ya filamu. Ulipigwa na watu waliokuwapo ukumbini, chini ya kiwambo, nao ulibadilika toka mji hadi mji, pengine toka usiku mmoja hadi mwingine.

Mtazamaji wa leo, aketiye nyumbani mbele ya televisheni, hakutani na hali hiyo. Katika diski, picha, mwendo wake, rangi yake, vibao vya maandishi na muziki vyote hutoka katika chombo kimoja kwa amri ya kitufe kimoja, na vyote humjia vikidai mamlaka sawa. Kilichokuwa mbalimbali kimeunganishwa, na mshono hauonekani. Hapo ndipo linapozuka swali la makala hii: anayesema kwamba ameiona filamu fulani ya mwaka 1927 ameona kazi ya nani?

Swali hili si geni kwa wanaosoma fasihi ya Kiswahili. Maandishi ya tenzi yaliyonakiliwa kwa mikono hutofautiana idadi na mpangilio wa beti, na anayeuchapisha utenzi hulazimika kuchagua. Vilevile utenzi husomwa kwa mahadhi, na mahadhi hayo ni ya msomaji: utenzi mmoja waweza kusikika kwa mahadhi mawili bila mtu kudhani kwamba mtunzi ametunga mara mbili. Ukarabati wa filamu ni uhariri wa aina ile ya kwanza. Muziki wa kusindikiza ni mahadhi. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba hakuna uhariri usiochagua wala mahadhi yasiyofasiri, na kwamba ubora wa toleo la nyumbani hupimwa kwa uwazi wake kuhusu yale liliyochagua. Jambo hili lina uzito zaidi kwa mwalimu na mwanafunzi walio mbali na hifadhi za filamu za Paris, Berlin na Copenhagen. Kwao diski ndiyo maktaba yenyewe, na wasipoambiwa kilichofanywa ndani yake hawana mahali pa kwenda kuhakikisha.

2. La Passion de Jeanne d'Arc: uso mmoja, mahadhi mengi

Mfano ulio wazi kuliko yote ni filamu ambayo Carl Theodor Dreyer, mwongozaji wa Denmark, aliitengeneza Ufaransa na kuionyesha kwa mara ya kwanza Copenhagen tarehe 21 Aprili 1928. Habari yake ni kesi ya Jeanne d'Arc ya mwaka 1431, nayo imejengwa juu ya kumbukumbu za kesi hiyo. Dreyer aliwaweka mahakimu na mshtakiwa karibu sana na kamera, bila vipodozi, hata filamu nzima ikawa kama kitabu cha nyuso. Uso wa Falconetti, aliyemwigiza Jeanne, ndio ukurasa wake mkuu.

Historia ya nakala zake ni historia ya maafa. Negativu ya kwanza iliteketea kwa moto Berlin mwezi Desemba 1928. Dreyer akaunda filamu upya kutokana na picha zilizokuwa zimeachwa, lakini toleo hilo nalo likapatwa na moto mwaka uliofuata. Kwa miaka mingi watu waliifahamu kazi hiyo kwa nakala pungufu tu. Mwaka 1981 nakala ya toleo la kwanza, yenye maandishi ya Kidenmark, ikagunduliwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo. Nakala hiyo ndiyo msingi wa filamu inayotazamwa leo.

Kabla ya ugunduzi huo, mtu aliyeieneza zaidi filamu hiyo alikuwa Lo Duca, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipata negativu ya toleo la pili na kuliandalia muziki. Alichagua kazi za watunzi wa zama za baroko, wakiwemo Bach, Vivaldi na Albinoni. Kwa kuwa njia ya sauti huchukua nafasi ubavuni mwa ukanda, sehemu ya picha ilikatwa ili muziki upate pa kukaa. Dreyer hakuridhika. Tendo hilo linastahili kutafakariwa, kwa maana linaonyesha waziwazi kile ambacho kwa kawaida hufanyika kwa siri: muziki ulipotiwa ndani ya filamu, picha ilipungua. Tena muziki wenyewe haukuwa wa karne ya Jeanne wala wa karne ya Dreyer. Uliteuliwa kwa sababu unasikika kuwa wa «dini», na kwa hiyo ulimtangaza Jeanne kuwa mtakatifu tangu dakika ya kwanza, ilhali filamu humfanya mtazamaji asubiri, pamoja na mahakimu, kujua msichana huyu ni nani.

Swali la muziki gani ni wa haki kwa filamu hii halina jibu. Ilipoonyeshwa Paris ilikuwa na muziki wa Victor Alix na Léo Pouget, lakini Dreyer hakuacha muziki wowote aliouidhinisha kuwa ndio. Ndiyo maana watunzi wamekuja kila mmoja na mahadhi yake. Ulioenea zaidi majumbani ni Voices of Light, ambao Mmarekani Richard Einhorn aliutunga mwaka 1994 na ambao uliwekwa katika diski ya kampuni ya Criterion mwaka 1999. Ni kazi ya okestra, kwaya na waimbaji, yenye maneno ya zamani, mengi yakiwa ya wanawake wacha Mungu wa zama za kati kama Hildegard wa Bingen, pamoja na barua za Jeanne mwenyewe. Einhorn alifika hata kurekodi kengele ya kanisa la Domrémy, kijiji alikozaliwa Jeanne.

Kazi hiyo ina uzuri usiokanika, na hapana shaka imewaleta kwa Dreyer watu wengi ambao wasingestahimili filamu ya kimya. Lakini uzuri wake ndio unaotaka uangalifu. Picha za Dreyer zinamwonyesha mwanamke mmoja kati ya wanaume: mahakimu, askari, walinzi, watawa. Upweke wake ndio msiba wake. Muziki wa Einhorn unamzungushia sauti za wanawake. Sauti ya Jeanne yenyewe inaimbwa na zaidi ya mwimbaji mmoja, na nyuma yake wapo wanawake wa karne nyingine wanaomwombea. Mtazamaji anamwona Jeanne aliye peke yake, huku akimsikia Jeanne mwenye jamaa. Hii ni fasiri, tena fasiri yenye hekima, inayompa mshtakiwa faraja ambayo mahakama ilimnyima. Hata hivyo ni faraja ambayo Dreyer naye alimnyima, kwa makusudi.

Tofauti hiyo huonekana vizuri katika tukio la kunyolewa. Jeanne amekwisha kutia sahihi ya kukana kwake. Kinyozi anamkata nywele, kisha anazifagia pamoja na taji la majani makavu ambalo askari walikuwa wamemvika kwa dhihaka. Jeanne anaiona takataka ile ikizolewa, na usoni mwake uamuzi unageuka: anaomba mahakimu waitwe warudi. Hakuna neno linaloeleza kilichompitia. Anayelitazama tukio hili bila sauti yoyote hulazimika kuusoma uso, kama asomaye mwandiko wa mtu usiozoeleka. Anayelitazama kwa kwaya huwa amekwisha kusomewa. Si lazima kusema kwamba njia ya pili ni mbaya. Ila lazima ijulikane kuwa ni kusomewa.

Jean-Luc Godard alilielewa jambo hili. Katika Vivre sa vie, filamu yake ya mwaka 1962, mwanamke aitwaye Nana anakaa katika jumba la sinema akimtazama Jeanne na kulia. Godard aliondoa muziki wote. Nyuso mbili zinatazamana katika ukimya, na machozi ya mmoja yanamjibu mwingine.

Hata hivyo ukimya nao si hali ya asili. Ukumbi wa mwaka 1928 haukuwa na ukimya wa sebule iliyofungwa saa tatu za usiku, na anayezima sauti nyumbani naye amechagua fasiri. Isitoshe, amechagua moja tu kati ya mambo kadhaa, kwa kuwa liko jambo jingine ambalo halizimiki kwa kitufe: mwendo. Filamu bubu hazikuwa na kasi moja. Ukanda wa Dreyer ukipitishwa kwa picha 24 kwa sekunde, onyesho huchukua dakika 81 hivi. Kwa picha 20 huchukua dakika 97 hivi. Matoleo ya baadaye ya diski, kama lile la Masters of Cinema la mwaka 2012, yamempa mtazamaji miendo yote miwili, kila mmoja na muziki wake. Dakika 16 za ziada hazina picha hata moja mpya. Zimo katika kope zinazofumba polepole, katika chozi linalokawia shavuni. Muziki huandikwa kwa kufuata mwendo uliochaguliwa, na ukishaandikwa huushikilia mwendo huo. Kwa njia hiyo mtunzi wa mwaka 1994 huamua jinsi mwigizaji wa mwaka 1928 apumuavyo.

3. Metropolis: muziki ulioikumbuka picha

Ikiwa filamu ya Dreyer haina muziki wa haki, Metropolis ya Fritz Lang inao, na habari zake zinapinga dhana kwamba muziki daima ni mgeni anayemsumbua mwenye nyumba. Filamu hii ilionyeshwa kwanza Berlin tarehe 10 Januari 1927, na muziki wake wa okestra uliandikwa na Gottfried Huppertz wakati filamu yenyewe ikitengenezwa. Muda si muda ilikatwa. Kampuni ya Paramount iliifupisha kwa ajili ya Marekani, na Ujerumani nako ikafupishwa mwaka huohuo, hata karibu robo ya filamu ikapotea.

Kilichopotea kilikuwa na maana. Katika filamu kamili, mvumbuzi Rotwang na Joh Fredersen, mtawala wa mji, wote wawili walimpenda mwanamke mmoja aliyeitwa Hel, ambaye alifariki alipomzaa Freder, mwana wa mtawala. Rotwang amemjengea sanamu, na kiumbe cha chuma anachokiunda kinatokana na msiba huo. Wamarekani walimwondoa Hel kwa sababu jina lake lilifanana na neno lao la jehanamu. Bila Hel, Rotwang alibaki kuwa mwendawazimu tu, na filamu ikawa kisa cha mashine. Hel anaporudi, filamu nzima huwa pia kisa cha matanga yasiyoanuliwa. Hapo ukarabati hausafishi picha tu. Unarudisha sababu ya matendo.

Warekebishaji walijuaje mpangilio wa vipande ambavyo hawakuwa navyo? Walisaidiwa na kumbukumbu za sensa zilizohifadhi maneno ya vibao, na zaidi ya yote walisaidiwa na muziki. Manota ya Huppertz yaliyoandikwa kwa ajili ya kinanda yana vidokezo zaidi ya 1,000 vinavyomwambia mpigaji ni tendo gani linaonekana kiwamboni wakati gani. Enno Patalas wa Munich aliyatumia katika kazi yake ya miaka ya 1980, na waliomfuata katika ukarabati wa mwaka 2001 waliyatumia pia. Muziki ulikuwa umeikumbuka filamu wakati filamu imejisahau. Mwaka 2008 nakala ndefu ya milimita 16 ilipotambuliwa Buenos Aires, katika jumba la makumbusho ya sinema, manota yaleyale yalisaidia kuviweka vipande vipya mahali pake. Toleo lililotokana na kazi hiyo lilionyeshwa Berlin mwezi Februari 2010 kwa muziki wa Huppertz, likiwa na dakika 25 hivi zaidi.

Anayelitazama toleo hilo nyumbani hahitaji kuambiwa ni vipande vipi vilivyotoka Argentina. Vimejaa mikwaruzo, na umbo la picha yake ni dogo kuliko zile zinazotangulia na kufuata, kwa sababu nakala ya milimita 16 ilitengenezwa kutokana na ukanda uliokuwa umekwisha kuchakaa, na uchafu ukachapwa pamoja na picha. Pale ambapo matukio mawili hayakupatikana kabisa, maandishi mapya yanaeleza. Wako wanaochukizwa na makovu hayo. Kwa mtazamo wa uhariri, makovu hayo ni adili. Yanafanya kazi ya mabano ya mhariri katika matini iliyochapwa: hapa nakala ni nzuri, hapa ni mbovu, hapa hakuna kitu. Hakuna diski ifundishayo zaidi kuhusu maana ya kukarabati.

Fasiri ya Huppertz nayo ina mengi ya kusema. Wafanyakazi wanapoasi na kuzivamia mashine, okestra inauvuta wimbo wa Marseillaise na kuupinda. Msikilizaji wa mwaka 1927 aliutambua mara moja, na wa Lubumbashi leo anautambua pia. Wimbo wa mapinduzi uliopindwa unasema kwamba uasi huu umepotoshwa, kwamba wanaoandamana wanaongozwa na kiumbe bandia. Mtazamaji anaweza kuikataa siasa hiyo, na wengi wameikataa. Lakini ili aikatae inampasa kwanza aisikie, na hakuweza kuisikia kwa muda wote ambao manota ya Huppertz yalikaa kimya.

Kati ya vipindi hivyo viwili liko toleo la Giorgio Moroder la mwaka 1984. Moroder aliipitisha filamu kwa kasi, akaitia rangi, akageuza vibao kuwa maandishi ya chini ya picha, na akaijaza nyimbo za vijana wa wakati wake, mmojawapo ukiimbwa na Freddie Mercury. Filamu ikawa dakika zipatazo 83. Ni rahisi kumcheka, lakini haki itendeke: Moroder alimrudisha Hel kwa kutumia picha za mnato miaka mingi kabla ya Buenos Aires, na aliwaleta vijana wengi mbele ya kazi ya Lang. Kosa lake si upya wa muziki. Kosa ni maneno ya nyimbo, yanayotia midomoni mwa watu wa Lang hisia ambazo Lang hakuwapa. Kinanda humfuata mwigizaji. Wimbo wenye maneno humsemea.

4. Rangi na usiku: Nosferatu

Ukarabati hugusa pia jambo ambalo wengi hawalifikirii wanaposikia juu ya filamu za zamani, yaani rangi. Nosferatu ya F. W. Murnau ilionyeshwa Berlin mwezi Machi 1922. Mwaka 1925 mahakama iliamuru nakala zake ziharibiwe, kwa sababu kisa chake kilichukuliwa bila ruhusa kutoka riwaya ya Bram Stoker, lakini nakala kadhaa ziliponea nchi nyingine. Matukio mengi ya usiku yalipigwa mchana, na ukanda ukatiwa rangi ya buluu ili mtazamaji ajue kuwa ni usiku. Nakala za baadaye zilichapwa bila rangi hiyo, na ndizo zilizoenea majumbani kwa miaka mingi. Ndani yake mfu mnyonya damu anatembea na jeneza lake juani, kisha mwishoni anakufa kwa sababu jua limemwangaza! Wengi walidhani Murnau alikuwa mzembe. Mzembe alikuwa mwenye kunakili. Ukarabati uliotegemea nakala ya Kifaransa yenye rangi umeurudisha usiku mahali pake, na kwa hiyo umeurudisha mwisho wa filamu katika mantiki.

Muziki wa Hans Erdmann wa mwaka 1922 haukubahatika hivyo. Sehemu tu ilisalia, na unaosikika katika toleo lililokarabatiwa umejengwa upya na Berndt Heller. Hapa diski moja inachanganya picha iliyothibitishwa na muziki ambao sehemu yake ni makisio ya kitaalamu, na masikio hayawezi kuona mpaka kati yake kama macho yanavyouona mkwaruzo wa Buenos Aires. Muziki hauna mabano. Huu ndio udhaifu wake mkuu kama uhariri, na ndiyo sababu maelezo ya maandishi yanayoambatana na diski si pambo bali ni sehemu ya toleo.

5. Sebule na ukumbi

Napoléon ya Abel Gance, ya mwaka 1927, inaonyesha mipaka ya sebule. Mwishoni picha tatu zinaonyeshwa sambamba, na kiwambo kinatanda mara tatu ya upana wake. Ukumbini mtazamaji alipanuliwa macho ghafla. Katika televisheni upana hauna pa kuongezeka, kwa hiyo picha hupungua urefu na kuwa utepe mwembamba kati ya giza la juu na giza la chini. Tendo lililokusudiwa kukuza linadumaza. Hakuna ukarabati unaoweza kuliponya hilo.

Filamu hiyo ina funzo jingine. Kevin Brownlow aliikusanya kwa miaka mingi, na mwaka 1980 ikaonyeshwa London kwa muziki wa Carl Davis. Mwaka 1981 ilionyeshwa New York ikiwa imefupishwa hadi karibu saa 4, kwa muziki wa Carmine Coppola. Tangu hapo muziki mbili zilimaanisha filamu mbili, na mabishano ya haki yakakawiza toleo la Brownlow, la saa 5 na nusu hivi, kufika majumbani hadi mwaka 2016. Mwaka 2024 Ufaransa ilionyesha ukarabati mwingine wa saa 7 hivi, wenye muziki mwingine tena. Muziki, uliokuwa mgeni wa filamu, umekuwa na uwezo wa kumfungia mwenye nyumba mlango.

6. Hitimisho

Mifano iliyochunguzwa haielekei kanuni moja. Muziki wa Huppertz ni shahidi wa filamu. Wa Einhorn ni mfafanuzi mwenye kipawa. Wa Lo Duca ni mpambe aliyekata vazi ili pambo likae. Ukarabati wa Metropolis unaonyesha makovu yake. Nakala zisizo rangi za Nosferatu zilificha jeraha lililokuwa limeua maana. Kinachoweza kudaiwa kwa matoleo yote ni ukweli kuhusu chimbuko la nakala, mwaka wa ukarabati, mwendo uliochaguliwa na mtunzi wa muziki.

Chuoni, dai hilo lina matokeo ya moja kwa moja. Mwanafunzi anayeandika juu ya Jeanne d'Arc bila kutaja ni toleo lipi alilotazama hutenda sawa na anayechambua utenzi bila kutaja mswada. Akisifu «huzuni ya filamu», inafaa aulizwe kama huzuni hiyo ilikuwa usoni mwa Falconetti au katika kwaya. Njia ya kujibu iko mkononi mwake, nayo ni faida moja ambayo sebule inayo na ukumbi haukuwa nayo kamwe: alitazame tukio la kunyolewa mara moja kwa muziki, mara ya pili bila sauti, na ikiwezekana mara ya tatu kwa mwendo mwingine. Kitakachobaki kilevile mara zote tatu ni cha Dreyer. Kitakachobadilika ni cha wale waliokuja baada yake.